Disney na watoto wa Nairobi: nendeni Novemba, si Krismasi

Ombi tunalolipokea zaidi ni familia nzima, Disney World ya Orlando, Florida, wiki ya Krismasi. Mkitaka tutawakatia tiketi, ila mjue kwamba kati ya Krismasi na Mwaka Mpya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani nne za bembea za Disney huko, hufurika. Shule za Marekani zimefungwa, tiketi ziko ghali, na mtoto husimama saa nzima au zaidi kungoja bembea ya dakika chache.

Shule za Kenya hufunga muhula wa tatu karibu na mwisho wa Oktoba. Watoto wa Marekani bado wako darasani mpaka wiki ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Pengo hilo ni lenu. Ruka tu siku zinazoizunguka tarehe 11 Novemba, sikukuu yao ya maveterani. Mwenye mtahiniwa nyumbani atafute katikati ya Agosti, shule za Florida zikiwa zimeshafunguliwa, ingawa joto na mvua za alasiri zitawasumbua.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hulikimbia, nasi tunalitafuta. Baadhi ya siku za Novemba Magic Kingdom huwafungia wenye tiketi za kawaida saa 12 jioni, kupisha sherehe ya Krismasi yenye kiingilio chake. Watu huona wanapunjwa, hawaji. Basi mchana foleni hupungua, na mtoto wa miaka mitano saa 12 jioni keshachoka hata hivyo!

Je, mlipie njia ya mkato? FastPass ya zamani, pasi ya kuruka foleni, ilikuwa bure. Tangu Oktoba 2021 huduma hiyo ni ya kulipia, na leo inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Hulipwa kwa kila kichwa, kila siku, na bei hupanda watu wakijaa. Waliolipa hupitishwa kwanza, ndiyo maana foleni ya kawaida huonekana fupi na bado haisogei. Wanaolala hoteli za Disney huchagua nafasi siku 7 kabla, wengine siku 3. Kwa Novemba twashauri mlipie siku ya Magic Kingdom peke yake.

Wenye mtoto mdogo waombe Rider Switch mlangoni pa bembea. Ni bure: mzazi mmoja hupanda, mwingine hubaki na mtoto, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya.

Viza haimo kwenye bei yetu. Shikeni miadi ya ubalozi kwanza, ndipo mtupigie simu.