Shukrani kwa uliyetupangia zoezi la kuchati

Wewe uliyetuandikia ule mpangilio wa kazi ya vikundi kwa kuchati, ukaondoka bila kuacha jina: ahsante sana. Wanafunzi wanne kwa kikundi, si wanane. Wakizidi watano, ujumbe unapishana na jibu linaangukia swali lisilo lake. Kila mmoja anapewa kipande cha habari ambacho wenzake hawana, mtindo wa mwanasaikolojia Elliot Aronson wa 1971 kule Texas, Marekani, basi hakuna wa kujificha. Dakika 5 za kusoma kimya, 20 za kuandikiana, 10 za kukubaliana jibu moja.

Tunalokushukuru zaidi ni lile dogo: kubonyeza ujumbe unaoujibu ili uonekane juu ya jibu lako. Bila hilo, "ndiyo" inaelea tu, haijulikani ni ndiyo ya nini. Na kuwatenganisha viti, maana wakikaa jirani watanong'onezana na ukurasa ubaki mtupu. (Bando la mmoja likikata, mwalimu awe na nakala ya kipande chake kwenye karatasi. Hata hilo ulilikumbuka!) Mungu akuzidishie.