Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Mufindi, Iringa.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA HUDUMA YA UNASIHI SHULENI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Poleni na baridi, na poleni na mavuno. Muhula umekwisha salama na watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao. Someni ripoti hizo pamoja na mtoto, kisha wekeni sahihi. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti. Kila mwanafunzi arudi na sweta, Julai yetu mnaijua. Ratiba ya Kidato cha Nne imeambatanishwa.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote muhula huu ni kile chumba kilichokuwa ghala la majembe, pembeni ya maabara. Tangu Februari kimekuwa chumba cha unasihi, yaani cha kumsikiliza na kumshauri mwanafunzi mwenye shida. Mzazi mmoja fundi alitutengenezea viti viwili na meza kwa mbao za paini na hakutaka hata nauli. Wanafunzi wenyewe walipaka chokaa na kushona pazia. Dirisha linatazama shambani, kwa hiyo aliye paredi hamwoni aliye ndani. Tuna walimu wawili wa unasihi, wa kike na wa kiume, na wote wawili wana vipindi vyao darasani kama kawaida. Serikali ilishaagiza huduma hii kwa Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002. Hapa kwetu ilikuwapo kwenye karatasi. Sasa ipo.

Niwasimulie la kijana mmoja, kwa ruhusa yake na ya bibi yake. Alikuwa analala darasani kila asubuhi. Walimu walilalamika, nami nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara, si mara moja, mara tatu. Mara ya tatu mwalimu wa unasihi akaniomba amchukue. Alimuuliza swali moja ambalo mimi sikuwahi kumuuliza: "Usiku unalala saa ngapi?" Kijana akasugua sakafu kwa ncha ya kiatu, kisha akasema, "Silali, mwalimu." Alikuwa amefiwa na baba yake mwaka jana, na kila akifumba macho anasikia ile simu iliyoleta habari. Ilimchukua siku nne kusema hayo. Afisa ustawi wa jamii alitusaidia, bibi akampeleka hospitali, na mwalimu akaendelea kumsikiliza kila Jumatano. Leo anakaa dawati la mbele. Kutoka nafasi ya mwisho amefika ya kumi na moja. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake, na ninafurahi nilifanya hivyo.

Wazazi wangu, msidhani ni mtoto mmoja huyo tu. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18, na theluthi moja kabla ya miaka 14, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Miaka 14 ndio umri wa Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyeacha kula, anayejitenga, aliyekuwa mchangamfu ghafla akawa mkali, au anayesema hana sababu ya kuishi, hajalogwa, na dawa yake si viboko. Mnaotaka kumwombea, mwombeeni, lakini mleteni pia tuzungumze, au mpelekeni hospitali. Walimu wetu si madaktari. Kazi yao ni kusikiliza, kutambua, na kumpeleka mtoto kwa mwenye utaalamu.

Sasa nizungumzie yaliyoniuma.

Muhula huu niliandika barua 14 za wito kwa wazazi ambao watoto wao walihitaji msaada huu. Waliofika ni watano. Mzazi mmoja alimtuma dereva wa bodaboda aje kuniuliza mtoto ameiba nini. Wito wa mwalimu si mashtaka! Ninapokuita ni kwa sababu kuna jambo siwezi kulimaliza bila wewe, na mtoto wako anasubiri kuona kama utakuja. Mwingine aliniambia kwa simu kwamba mambo ya ushauri ni ya watoto wa mjini. Mtoto wa Mufindi naye anafiwa, anapigwa, anaona wazazi wakigombana usiku, na asubuhi anatembea kilomita sita kuja shule na hayo yote kichwani.

La pili ni zito zaidi. Mwezi Aprili mzazi mmoja alipita shuleni, akamwona mwanafunzi akitoka kwenye kile chumba. Kabla ya jioni ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mtoto wa fulani amechanganyikiwa na wengine wawatenge watoto wao naye. Jina kalitaja. Wakafuata waliocheka, wakafuata walioongeza yao. Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili, na waliomwambia "futa hiyo" ni wawili tu. Nawashukuru hao wawili. Mtoto hakuja shule siku tisa. Mimi na mwalimu wa unasihi tulikwenda kwao kwa pikipiki, tukamkuta nyuma ya jiko amejifunika kanga ya mama yake, hataki hata kututazama.

Sitamtaja mzazi huyo, ingawa yeye alimtaja mtoto. Ila nasema wazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya hali ya afya yake. Likirudiwa, nitalipeleka kwenye Bodi ya Shule na kwa ustawi wa jamii, bila kujali ni nani. Anayosema mtoto kwa mwalimu wa unasihi hayatoki, isipokuwa pale uhai au usalama wake unapokuwa hatarini. Hata mimi siambiwi yote. Nawe mzazi usimbane mtoto akueleze aliongea nini. Mwache akuambie mwenyewe.

Mchango wa chakula ulipitishwa na nyinyi wenyewe kwenye kikao, debe la mahindi kwa kila mtoto. Wasioleta walete siku ya kufungua.

Mtoto akiwa na shida wakati wa likizo, apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Chumba chetu kitakuwa wazi kila Jumatano, saa nne hadi saa saba mchana. Yule mtoto wa Aprili amesema atakuja. Atakayepita njia hiyo amsalimie kama anavyowasalimia watoto wengine.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule