Mnyauko umeingia kibanjani

Muleba, Jumapili usiku

Koku wangu,

Habari za Maruku? Watoto hawajambo? Sisi wazima, tunashukuru Mungu. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mjomba, nisamehe, lakini leo silali bila kukuandikia.

Ugonjwa wa mnyauko umeingia kibanjani kwa Mama, kwenye migomba yake. Alhamisi alinituma nikate mkungu wa ndizi za enyoya nyuma ya jiko. Naanza kumenya: ganda bichi kabisa, ndani kahawia kama imeungua. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Tukarudi kwenye mgomba wenyewe. Pale nilipoukata palikuwa panatoka usaha wa njano, mzito. Mama hakusema neno. Maharage yalikuwa yanachemka, jani la kufunikia ndizi ameshalibabua. Usiku ule tulikula ugali, na wewe unamjua Mama, asipokula ndizi hajala.

Mpaka leo tumeng'oa migomba 14. Kinachoniuma ni panga. Sisi na jirani Mama Shubi tunaazimana kila siku, na ugonjwa huu panga ndilo linaloutembeza, panga na wadudu wa kwenye maua. Sasa kila mgomba tukishakata tunalipitisha motoni, na ua dume tunalivunja kwa kijiti cha panda. Mama analalamika, eti baba yake lini alichoma panga? Namwambia enzi za babu mnyauko haukuwepo, umeonekana Uganda mwaka 2001 ndipo ukavuka kuja kwetu. Ananitazama tu.

Anataka tupande machipukizi kutoka kwa Mama Shubi. Nimekataa, tumenuniana tangu jana. Naelewa, maana ile migomba ya nyuma ya jiko mbegu yake alipewa na Bibi siku alipoolewa. Mimi mwenyewe nilipoing'oa... basi, tuache hayo.

Koku, nakuomba uniulizie hapo kituo cha utafiti. Miche safi ipo? Mche mmoja shilingi ngapi? Shimo lile lile tusubiri miezi mingapi kabla ya kupanda tena? Na kwako umekagua? Jumamosi unaweza kuja uongee na Mama, maana wewe anakusikiliza? Ukija pitia dagaa. Migomba ya upande wa barabarani bado mizima. Leo nimekata ndizi moja nikaiangalia ndani, nyeupe.

Wako,
Asimwe