Kabla hujanunua betri nyingine

Nyakato, Mwanza

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Hapa hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kidogo lakini anatembea, na kila jina lako likitajwa anauliza unavuka lini kutoka Sengerema. Habari ya kukesha kwenye foleni ya kivuko pale Busisi imekwisha, daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kwa hiyo tunakutegemea.

Picha za gari lako la Noah nimezipata pamoja na maelezo yako: muziki unakata besi ikigonga, asubuhi nyingine gari haliwaki, na fundi anataka ununue betri kubwa. Swali la betri nitalijibu, ila kuna jambo haliwezi kungoja. Ile picha uliyopiga chini ya boneti nimeikuza nikaiangalia kila pembe. Waya mwekundu mnene unatoka kwenye chanya ya betri, unashuka, unaingia kwenye tundu la ukuta wa injini na kupotelea ndani. Fyuzi siioni. Na lile tundu halina mpira, waya umelalia ukingo wa bati. Kaka, nakuomba uuchomoe waya huo kwenye betri leo hii, hata kama muziki utanyamaza wiki nzima.

Fyuzi mbili ulizosema zimo kwenye amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti iliyoko nyuma ya gari, zinailinda amplifaya peke yake. Waya wote kutoka betri hadi nyuma haulindwi na kitu. Unapita chini ya kapeti, chini ya siti wanazokalia wanao, na gari linatikisika kila siku kwenye barabara za vumbi. Siku ganda likichubuka kwenye lile bati, shaba ikagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea kwa mara moja na hakuna wa kuikataza. Ganda linayeyuka, kapeti inashika moto. Kugeuza ufunguo hakusaidii, kwa sababu waya huo haupiti kwenye switchi. Fyuzi inatakiwa ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 45, na ukubwa wake unafuata unene wa waya, wala si wati zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, yaani eneo la mkato wake, weka ya ampea 80. Tafuta na mpira wa kuziba lile tundu. Hilo likishafanyika, ndipo tuzungumze mengine.

Sasa betri. Fundi wako anasema ununue kubwa zaidi na kapasita juu yake. Mimi nasema usitoe hata shilingi kabla hujapima. Multimita ya kawaida, yaani mita ya kupimia umeme, haifikii hata robo ya bei ya betri hiyo, na itakuonyesha ugonjwa uko wapi.

Maelezo yako yenyewe yamenipa dalili nzuri. Umesema besi ikigonga kwa nguvu, taa nyekundu ya amplifaya inawaka, muziki unakata, halafu unarudi. Lakini taa za mbele za gari zimetulia, hazifififi. Hapo ndipo nilipoanza kuiamini betri yako. Ingekuwa betri au alteneta, ile inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, imezidiwa, volti zingeshuka gari zima na taa zingepumua pamoja na besi. Taa zikitulia huku amplifaya inajizima, umeme unapotea kati ya betri na amplifaya. Amplifaya nyingi hujizima zenyewe volti zikikaribia 10, na kurudi zikipanda. Ndicho unachokisikia.

Anza hivi. Asubuhi, kabla hujawasha gari, pima betri kwenye vichwa vyake. Ikisoma 12.6 au karibu na hapo imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imeisha. Kisha washa injini, upime tena palepale. Inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji au mkanda unateleza, na hapo muziki hauhusiki kabisa.

Kipimo cha muhimu ni kinachofuata. Acha injini ikiwaka, fungua muziki kwa sauti ile unayoizoea, wimbo wenye besi nzito, halafu pima kwenye skrubu za amplifaya yenyewe. Tuseme betri inasoma 14 na amplifaya inasoma 11. Volti tatu zimeliwa njiani. Ili ujue zimeliwa upande gani, unganisha waya mrefu kwenye ncha moja ya mita, uishike kwenye chanya ya betri, ncha ya pili kwenye chanya ya amplifaya. Namba utakayoiona ndiyo inayopotea upande wa chanya. Rudia kwa hasi ya betri na hasi ya amplifaya. Kila upande usizidi nusu volti, na mimi hupenda iwe chini ya hapo. Fanya haya muziki ukipiga, usipime ukiwa kimya. Kiungo kibovu kikiwa hakina mzigo kitakupa volti zote 14 na kukudanganya kwamba kila kitu kizima. Mafundi wengi hupima muziki ukiwa umezimwa, wakaona 14, wakamwambia mteja anunue betri.

Nikiambiwa nitaje pa kuanzia kabla ya mita, nitasema ethi, pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi la gari. Juzi nimefunua kapeti ya nyuma ya gari la aina hiyohiyo, malalamiko yaleyale. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwenye bolti ya bodi, umekazwa vizuri, ukiutazama huna shaka nao. Nilipoufungua, rangi nyeupe ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa chini ya lagi, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya. Bati lililochubuka lilikuwa duara jembamba kuzunguka tundu, na umeme wote wa amplifaya ulikuwa unapita hapo. Plastiki ya lagi ilikuwa imegeuka kahawia, na bolti ilikuwa ya moto mkononi. Tukakwangua rangi kwa msasa hadi bati likawa jeupe upana wa sarafu, tukaweka washa yenye meno, tukakaza, kisha juu tukapaka grisi, maana unyevu wa huku kwetu ziwani haulali. Muziki ukaacha kukata palepale, na betri ya mwenye gari ikabaki ileile.

Kwa hiyo funua yako uitazame. Waya wa ethi uwe mnene sawasawa na ule mwekundu, uwe mfupi, usifike mita moja, na uende kwenye bodi lenyewe. Bolti za mikanda ya siti ziache. Ukitoka hapo rudi mbele uangalie waya unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi, na ule wa injini kwenda kwenye bodi. Zile ni za kiwandani, nyembamba, zimezeeka, na magari yanayooshwa injini kwa maji ya ziwa mara nyingi huwa na kutu ya kijani kwenye vichwa vyake. Kuongeza waya mwingine mnene pembeni ya ule wa zamani ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Kuhusu waya mwekundu, kata kipande kidogo mwishoni, ukwangue uzi mmoja kwa wembe. Ukiona ndani ni mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme takriban sehemu tatu kati ya tano tu za shaba halisi. Nawe mwalimu wa hesabu utalifurahia hili: mita tano za shaba ya milimita 16, ampea 50 zikipita, zinapoteza kama robo ya volti. Ukiweka ya milimita 6 inapotea zaidi ya 0.7, bado hujahesabu alumini wala upande wa kurudi.

Boksi la amplifaya limeandikwa wati 3000, nimeiona picha. Usiliamini. Tazama zile fyuzi zake mbili za ampea 25. Jumla 50, zidisha kwa 13.8, unapata wati 690 zinazoingia, na zinazotoka kwa spika ni pungufu ya hapo. Hilo si baya, sabufa moja kwa gari la familia inatosha kabisa. Nakuambia ili ujue kwamba mzigo wako si wa kutisha, na injini ikiwaka anayeubeba ni alteneta. Betri kubwa haimwongezei alteneta nguvu. Kapasita nayo haitengenezi umeme, inatunza kidogo na kuutoa kwa kitambo besi inapogonga, na ukiifunga kwenye ethi mbovu, hiyo ethi itabaki mbovu.

Tatizo la gari kutowaka asubuhi ni jingine, usilichanganye na hili. Kwenye picha ya nyuma ya redio naona waya wa njano na mwekundu vimesokotwa pamoja, vikazungushiwa tepu. Wa njano ni umeme wa kudumu, unatunza saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwashwa tu. Wakiviunganisha, redio inadhani gari limewashwa usiku kucha, na ule wa bluu wenye mstari mweupe unaendelea kuiamrisha amplifaya ibaki macho. Amplifaya ikiwa kimya bado inaweza kula ampea moja au zaidi. Kwa usiku mmoja na nusu siku, betri ya saa-ampea 60 inapungua vya kutosha kukusumbua kwenye stata. Chomoa ufunguo, subiri kidogo, pima ule wa bluu kwenye amplifaya. Ukisoma 12, umempata mwizi. Tenganisha hizo mbili, mwekundu uupeleke kwenye waya wa switchi.

Ukitengeneza hilo na betri bado inaisha, pima mwivi wa siri: legeza hasi ya betri, weka mita katikati ya kichwa na waya wake kwenye kipimo cha ampea 10, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta za gari zilale. Isizidi ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi za gari moja moja mpaka namba ishuke. Angalizo, usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaiunguza. Na angalia ile expanda ya redio, kidude cha kuiwezesha kupata stesheni zetu za FM, imechukua umeme wapi. Redio nyingi za magari ya Japani zinaishia 90, stesheni zetu zinafika 108, ndiyo maana magari mengi ya huko yana hicho kidude, na wengi hukifunga kwenye waya wa njano bila kufikiri.

Ule mlio wa kwenye spika uliosema unapanda ukikanyaga mafuta, uache kwanza. Mara nyingi hutoka kwenye ethi hiyohiyo, au waya za sauti zikilala sambamba na waya wa umeme. Zipitishe upande wa pili wa gari, utaona.

Ukishafanya kazi nitumie namba nne: betri asubuhi, betri injini ikiwaka, upotevu wa chanya na upotevu wa hasi muziki ukipiga. Fyuzi na lagi ukizikosa huko, niambie. Nitakununulia hapa mjini na kumpa dereva wa Sengerema jioni hiyohiyo. Ukiona kazi inakushinda, njoo na gari, lakini uje bila waya huo kuunganishwa.

Msalimie shemeji. Wabeja sana kwa dagaa, zimefika zikiwa kavu na safi.

Ni mimi ndugu yako