Wanaoagiza sare, muulizeni na anayezivaa

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Dar, nashona sare za makampuni mwaka wa 16 huu, mahoteli, walinzi, zahanati binafsi. Zamani mteja akija swali lilikuwa moja tu, pea moja bei gani, siku hizi anakuja meneja na karatasi mkononi imeandikwa kitambaa kiwe rafiki wa mazingira, anauliza kina cheti? Nafurahi kwa kweli. Ila ukikaa naye ukamuuliza kwanini kampuni imeamua hivyo utasikia wametakiwa, mara mawakala wa Ulaya wanaowaletea wageni wanataka kujua hoteli inatunza vipi mazingira, mara kuna mwekezaji anadai ripoti, mara wenzao wameshapost picha. Sijasikia hata mmoja akisema wafanyakazi wangu wanaungua na joto.

Silaumu, kitambaa kizuri kije kwa sababu yoyote ile ni heri. Shida ni kwamba ile sababu ndo inachagua kitambaa. Anayetafuta cha kuandika kwenye ripoti atachukua poliesta ya chupa za plastiki zilizoyeyushwa, na ni kweli chupa zimepungua jalalani, lakini poliesta ni poliesta, hainyonyi jasho, na kila ikifuliwa inaachia vinyuzi vidogo vya plastiki vinaondoka na maji machafu.

Mwaka juzi nilishona sare za wahudumu wa vyumba wa hoteli moja, kitambaa walikuja nacho wenyewe. Wiki ya tatu dada mmoja akanifuata kibandani akafungua kola, shingo yote vipele vyekundu, na makwapani hivyo hivyo. Nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha kiberiti mbele yake, ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi kigumu na harufu ya plastiki. Pamba haiko hivyo, inaungua kama karatasi inaacha majivu laini. Meneja wake aliambiwa na muuzaji hiki ni kitambaa cha kijani, yaani rafiki wa mazingira, akaridhika hapo hapo.

Sisemi poliesta haina kazi. Ule mchanganyiko wa poliesta asilimia 65 kwa pamba 35 unadumu, haukunjamani ovyo, unakauka haraka, mlinzi wa usiku hana ugomvi nao. Pamba tupu bei iko juu na usipoiloweka kabla ya kukata itasinyaa uje ulaumiwe wewe fundi. Lakini mtu anayetandika vitanda au kupika kutwa nzima kwenye joto la Dar mnamvalisha plastiki kweli?

Na kinachoniuma zaidi, kule Meatu mkoani Simiyu wakulima wanalima pamba hai, mradi wa bioRe ulianza 1994, hakuna dawa za viwandani, ni pamba ya mvua tu, wazungu wanaifuata mpaka huko. Sisi sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota halafu tunaenda Kariakoo kununua majora yaliyotoka nje. Nikiwaambia mameneja wanashangaa. Na hivyo vyeti visomeni jamani, cha GOTS kwa mfano, cheti cha kimataifa cha vitambaa vya kilimo hai, kinataka angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, msiishie kuangalia nembo, ombeni namba ya cheti mkaihakiki.

Ombi langu kwenu mnaoagiza, kabla ya oda ya pea 200 tuacheni tuwashonee kwanza sampo tatu za vitambaa tofauti, wapeni wafanyakazi watatu wavae na kufua wiki mbili, halafu waulizeni. Haichukui muda na sisi mafundi tuko tayari. Yule dada niliishia kumtolea ile kola nikamwekea ya pamba bila hela, vipele vya shingoni vikaisha, vya makwapani sikuwa na la kufanya.

Fundi wa sare, Dar es Salaam