Mama, hiyo mpya msiilipie kwanza

Ruwi, Muscat

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku mzima, kazi zinakwenda, ila joto limeshaanza kutuonyesha kazi. Nimeiona picha ya laptopu aliyonirushia Hamisi. Ni mpya, iko ndani ya boksi lake, na haizidi zile laki sita na nusu tulizopanga. Najua mnavyoingoja kwa hamu. Lakini nakuomba msiilipie kwanza.

Mimi yalishanikuta, Mama, na sikukwambia. Mwaka wangu wa kwanza huku nilinunua ya namna hiyo hiyo, nyepesi, inang'aa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 4 na hifadhi giga 64. Nikaona 64 ni nyingi, maana simu yangu ilikuwa na 32. Kumbe Windows ilikuwa imeshachukua sehemu kubwa kabla sijaweka hata picha moja. Haikupita miezi mingi masasisho yakawa hayaingii, nafasi imekwisha. Nikaipeleka kwa fundi aniongezee. Akaifungua, akanionyesha kwa bisibisi: hifadhi yenyewe ni chipu ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, na RAM nayo imechomelewa. Hakuna cha kuchomoa wala mahali pa kuongeza. Siku ile nilirudi chumbani nikalia, kwa sababu zilikuwa hela nilizojinyima.

Nimeikuza picha ya Hamisi nikasoma maandishi ya kwenye boksi. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Celeron, ile ya bei nafuu; RAM 4, eMMC 64. Ni ile ile.

Nataka mnunue mtumba wa ofisini. Makampuni makubwa ya Ulaya na kwingineko huziuza laptopu zao zikitimiza miaka michache, na nyingi huishia Kariakoo. Zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi kutwa, kibodi imara, bawaba imara, na zilipokuwa mpya bei yake hatungeithubutu. Hamisi aulizie ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 au HP EliteBook 840 G5. Zote tatu ni za mwaka 2018, na RAM yake inachomoka, kwa hiyo leo mkipata giga 8, mwakani fundi anaongeza nyingine. Hifadhi iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya giga 256. Asikubali diski ya zamani ile ya kuzunguka hata akiambiwa ni giga 500, maana kuiwasha tu chai inapoa.

Jina la modeli peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Laptopu hizo hizo zilitoka pia na prosesa ya kizazi cha saba. Asome namba ya prosesa: i5 ikifuatiwa na 8, kama 8250U au 8350U, hiyo sawa. Ikianza na 7, airudishe. Ya saba ina viini viwili vya kufanyia kazi, ya nane ina vinne, na Windows 11 haiitambui ile ya saba, kwa hiyo utabaki na Windows 10. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wewe humo utaweka hesabu za kikoba, fedha za watu. Sitaki uwe kwenye mashine isiyolindwa.

Umeme wenu ninaujua, kwa hiyo betri nayo ipimwe. Pale pale dukani afungue Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, aandike powercfg /batteryreport, ripoti itamwonyesha uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo uliobaki. Ukiwa umebaki nusu, wapunguze bei au waweke betri nyingine. T480 naipendea hapo: ina betri mbili, moja ndani, nyingine unaichomoa kwa nje. Na wakati wa kuiwasha, ikidai nywila asiyoijua muuzaji au barua pepe ya kampuni fulani, aiache. Hiyo bado ina mwenyewe.

Ningeweza kununua huku nikampa mtu anayekuja, plagi zetu ni zile zile za pini tatu. Ila ikiharibika wiki ya pili, mtamrudishia nani? Nunueni kwa mtu mwenye duka, awaandikie waranti kwenye risiti.

Lile daftari la kikoba lililolowa masika iliyopita bado linaniuma, ulivyokesha ukiyaandika upya majina ya akina mama wote. Hamisi akuwekee LibreOffice, programu ya maandishi na hesabu, ni ya bure. Jedwali nitakutengenezea mimi, na nakala moja nitakaa nayo huku.

Pesa nimeshatuma. Ijumaa siendi kazini. Hamisi akifika dukani anipigie kwa video, aigeuze chini nisome kibandiko, kabla hajatoa hela mfukoni.

Nisalimie Bibi.

Mwanao,
Zuhura