Umepima, mwanangu?

Wete, Pemba
Shaabani

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Mumeo kanambia umenuia kufunga Ramadhani yote, eti wajihisi mzima. Umepima? Sukari ya mimba haina homa wala maumivu. Ndiyo maana walikunywesha zile gramu 75 za glukosi wakakutoa damu mara tatu. Ile ya kabla hujala ilikuja 5.6, na mwisho wao ni chini ya 5.1. Nimeiandika nyuma ya kalenda. Wewe unayesomesha hesabu watoto wa watu, namba yako mwenyewe hutaki kuisoma?

Sasa wadunga insulini ya kushusha sukari. Ukishinda na njaa, sukari itashuka utetemeke na kutoka jasho. Magharibi uje kwenye muhogo wa nazi, tambi na kaimati zilizolowa shira, ipande yote kwa pamoja. Na sukari yako humfikia mtoto. Hapo yeye hutengeneza insulini yake nyingi, akanenepa, na akishakatwa kitovu sukari yake huanguka ghafla.

Kaka yako, yule usiyemkuta, alikuwa na kilo tano kasoro kidogo. Watu walinipongeza kabla hata hajatoka bega. Uji wa sukari nilikuwa nikiunywa mara tatu kwa siku, na kliniki nilikwenda siku moja tu. Hayo tuyaache.

Mja mzito anayehofia nafsi yake au mwanawe ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Usijifanye mcha Mungu kuliko waliokuruhusu. Muulize daktari kabla mwezi haujaandama, na ukijifungua mtie titi saa ile ile ya kwanza. Wiki ya sita urudi upime tena, hata kama walimwengu wote watakwambia umepona. Mimi sikurudi. Hivi vidonge vyangu vya asubuhi na jioni wavijua.

Halua niliyokuletea, kama imebaki, mpe mumeo. Sikufikiri.

Bati la jikoni limetoboka, nimekinga sufuria. Mbuzi kazaa pacha, mmoja hanyonyi vizuri. Kwa boti ya Jumamosi nakutumia pweza mkavu na mchicha. Wali punguza, usiuache.

Kikapu changu kirudishe, si kama kile cha mwanzo. Na ndani yake nitilie karatasi ya namba za wiki hii, za kabla ya kula na za baada.

Mama yako